Kilio cha Mtu Aliye Hai

Mama alitaka jambo moja tu kabla macho yake hayajafa kabisa: kumpata jirani yetu wa zamani wa mtaa wa Kapata, hapa Kolwezi, amwambie asante.

Mwaka ule watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, nilikuwa mtoto mchanga na nilikuwa na surua. Kampuni ya migodi imeanguka, mishahara hakuna, basi vijana wakaona sisi ndio kisa. Jirani huyo, mama wa kaskazini ya Katanga, akanifunga mgongoni kwa kikwembe chake, akapita mbele ya Mama katikati ya wenye mawe, mpaka kwenye gari moshi. Hawakurusha. Tuliporudi Kolwezi miaka mingi baadaye, tulimtafuta hadi mtaa wa Kasulo. Wapi!

Basi nikasema nitafungua redio ya intaneti. Mke wangu akacheka: "Redio? Weye? Hata kanisani sauti yako hatuisikiaka!" Lakini programu ilikuwa ya bure. Kompyuta nikaiweka juu ya meza ya kulia, maikrofoni nikaifunga kwenye mwiko wa bukari, ugali wetu, godoro nikalisimamisha dirishani lizuie kelele za pikipiki. Kiungo nikakituma kwenye makundi ya simu: bofya tu, unasikia. Wiki ya kwanza nilipata wasikilizaji wanne, na nikatembea kama jogoo.

Jumamosi mchana nikasoma tangazo la Mama. Na mi, mjinga, ili lipate heshima, nikatanguliza wimbo wa kwaya, ule wa polepole. Halafu: "Familia inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo..." Nikataja jina la Mama. Kolwezi nzima inajua maneno hayo yanaletaka habari gani. Kabla sijafika kwenye asante, umeme ukakatika.

Saa moja haikuisha, kiwanja kimejaa wamama wanalia. Mmoja ameleta makala ya kupikia, ule mkaa, mwingine unga. Mama akatoka na kikombe chake cha chai.

"Nani alikufa?"

Aa! Siku hiyo nilitukanwa na watu wazima wote wa mtaa, huku wanacheka na kufuta machozi.

Siku ya nne akaja mwanamke mzee, analia tangu barabarani. Ametoka mbali, mji wa Dilolo, mjukuu wake ndiye alimsikilizisha redio. Mama akamjua kwa sauti.

"Mi niko muzima, mama! Njoo!"

Yule mzee akaketi chini. Mama akamuuliza kwa nini alipotea hivyo.

"Haya ilinishika. Mutoto wangu alikuwa kati ya bale bijana benye mawe. Njo maana nilibeba wako mugongo. Nilijua hatatupia mama yake jiwe."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikamshukuru Mungu tu kwa mgongo ule. Mama akapapasa mpaka akaupata mkono wa yule mzee.

"Nilimuona mutoto wako," akasema. "Alikuwa analia, jiwe mu mukono. Akaiweka chini. Aksanti, mama. Na yeye, umwambie aksanti."