Dari ya Chumba cha Mama Mkwe

Kaka yangu wanamwita Fundi Dari, kwa sababu amewafungia watu dari kwa miaka ishirini na mbili. Nyumba yake mwenyewe haikuwa na dari. Kinyozi hajinyoi, na ukimuuliza atakujibu hivyo hivyo.

Kuta zake za ndani ziliishia usawa wa linta, juu kidogo ya milango, na kutoka hapo palikuwa wazi hadi kwenye bati. Ukikohoa jikoni, aliye chumba cha mwisho anakwambia pole.

Mama mkwe wake alipokuja kukaa, alipewa chumba kinachopigwa na jua la alasiri. Ni mtu wa maneno. Kaka si mtu wa maneno, na mbele ya mama mkwe huwa anaangalia viatu vyake. Lakini ukuta ukiwa katikati yao, walizungumza vizuri sana.

"Mwanangu, unapiga mswaki au unapiga randa?"

"Mswaki, mama."

"Basi meno yatabaki machache."

Miezi ya joto ikafika. Bati lilianza kutoa mlio kwa joto saa nne asubuhi, na presha ya mama mkwe ikapanda. Muuguzi alisema chumba kipoe, la sivyo mgonjwa ahame. Mwanawe wa kiume, mwenye nyumba ya paa la zege, akapiga simu kwamba Jumapili ya wiki inayofuata atakuja kumchukua.

"Umepoza nyumba za mtaa mzima," shemeji yangu akamwambia kaka. "Mama yangu akikimbia joto, watu watauliza ni joto la kwa nani."

Kaka akaleta pamba ya kioo, ile ya manjano inayowasha, nene kama kiganja kilichosimamishwa. Katika kuzuia joto hakuna kitu alichowahi kufunga kikaishinda. Mimi na kaka tukapiga bodi za jipsamu ukuta hadi ukuta, pale juu pakazibika, tukatandaza pamba juu yake, na tukajikuna siku mbili. Halafu kaka akaweka kipande cha mafuta ya mgando juu ya kabati. Ndiyo kipimo chake: kisipolegea hadi saa tisa alasiri, kazi imekubali.

Hakikulegea. Mama mkwe akasema ahsante.

Siku zilizofuata sauti yake haikuvuka ukuta. Asubuhi ya Alhamisi kaka alipiga mswaki, akasimama kidogo na povu mdomoni, akasukutua. Jioni tukamkuta mama mkwe anapanga nguo sandukuni.

"Mama, bado kuna joto?" shemeji akauliza.

"Joto halipo. Nimehifadhiwa vizuri, kama nyama kwenye jokofu. Wiki hii nani kamuudhi nani humu ndani?"

"Hakuna, mama."

"Mmeona? Hata hilo sikulijua. Kama ni kukaa peke yangu, bora nikakae kwenye zege."

Kaka aliangalia viatu vyake. Kisha akatoka kuchukua ngazi.

Tuling'oa kila kitu, pamba ikarudi stoo. Safari hii tukafunga foili, ile karatasi ya kung'aa inayorudisha joto, chini ya kenchi, mbao zinazobeba bati, ikifuata mteremko wa paa, tukiacha nafasi ya vidole vinne kati yake na bati, maana foili ikigusana na bati inageuka sufuria. Juu ya kuta pakabaki wazi. Mafuta yalilegea saa nane na nusu. Kwa mteja, kaka angeirudia kazi hiyo bila kuambiwa.

Jumapili asubuhi muuguzi akapima presha. Ilikuwa imeshuka, si sana. Mchana mwenye zege akafika na gari. Alikaa sebuleni na kaka, akaangalia juu, akapunguza sauti.

"Shemeji, usijisikie vibaya. Umejitahidi. Lakini kwako bado kuna joto."

"Kweli lipo," kaka akasema.

"Joto ni langu, si lako," sauti ikaja kutoka juu ya ukuta. "Kunywa maji, geuza gari. Mimi siendi, bado sijamaliza na shemeji yako habari ya lile shati alilovaa leo."

Kaka aligeukia ukuta.

"Shati lina nini, mama?"