Yuka ya Mama Kinuyo

Tangu aolewe Tottori, Japani, kila majira ya kuchipua Mama Kinuyo alipanda ngazi shambani na kijiti chenye manyoya nchani, akipaka chavua ua la peasi moja baada ya jingine, maana nyuki hawakuaminika. Walipozeeka, yeye na mumewe wakauza shamba, lakini mkono wake uliendelea kumwasha kila alipoona ua.

Mbele ya nyumba yao ulisimama mmea wa kigeni, yuka, majani yake makali kama majambia. Theluji ya kila mwaka iliikuta bila hata gunia la kujifunika, ikaondoka na kuiacha vilevile. Sasa mumewe, Tokuji, alitaka kuing'oa ili gari la mwana wao Noriyuki lipate pa kukaa.

"Imeshamchoma tarishi," alisema. "Na haizai hata tunda la kumdanganyia kunguru."

"Itazaaje, Baba Noriyuki? Nondo wake, yule mdudu wa kuipaka chavua, yuko kwao Amerika. Aje kwa miguu?"

"Ikizaa, naiacha. Isipozaa, Noriyuki akija sikukuu ya Bon, kuwakumbuka wafu wetu, ataikuta kwenye jalala."

Maua yalipofunguka, Kinuyo alikwenda kwa kinyozi Morioka, ambaye naye alikuwa na yuka, akaomba chavua, maana ya mmea uleule haishiki.

"Mama, siku hizi umekuwa nondo?"

"Nondo mstaafu. Shika ngazi, acha kucheka."

Aliporudi alipaka ua baada ya ua huku majani yakimdunga mapajani. Tokuji akachungulia dirishani: "Nondo mnene hivyo, bua litakatika!"

Mvua zilipokwisha, matunda ya kijani yalikuwa yamening'inia, yamenona kama matango machanga. Kinuyo akamwita mumewe. Tokuji akatazama, akaenda stoo. Kinuyo akawaza: mzee kafuata sururu!

Alirudi na ngazi, mkasi, na mifuko ya karatasi ya kufunikia mapeasi. Tunda la kwanza likaanguka chini, la pili likafuata.

"We mzee, unafanya nini?"

"Napunguza. Kila kitawi tunda moja, la sivyo yatakonda. Umesahau mapeasi?"

"Lakini hayaliwi!"

Mkasi ukasita hewani.

"Hayaliwi?" Akachukua mfuko. "Hata hivyo, mimi siachi tunda likae uchi barabarani."

Noriyuki alipofika, aliikuta yuka imevishwa mifuko myeupe juu hadi chini.

"Baba, gari niliweke wapi?"

"Popote, mradi mbali," Tokuji alijibu kutoka juu ya ngazi. "Na mlango ufunge polepole. Yataanguka."