Bahasha Yenye Mpasuko

Siku yangu ya kwanza chuoni, Mkuu wa Idara alinikabidhi rundo la bahasha za kaki na vipande vya lakiri, ile nta nyekundu ya kuzifungia. "Bi Zuhura," akasema, "mitihani ya kuandika nitasahihisha mie. Wewe nipimie mikono yao." Basi nikawa mtahini wa vitendo katika shahada ya uchunguzi wa kisayansi wa jinai, mpaka nilipostaafu.

Nyie vijana mnadhani kazi ile ni darubini na damu tu. Nusu yake ni makaratasi. Kielelezo, yaani kitu kinachopelekwa mahakamani kama ushahidi, kila anayekipokea husaini fomu ya makabidhiano: kakipata kwa nani, saa ngapi, kikiwa katika hali gani. Bahasha ikiwa imeguswaguswa, hupokei. Ukipokea, wakili atakuumbua mbele ya hakimu, na mwizi anakwenda zake nyumbani.

Mtihani wangu ulikuwa mfupi. Mwanafunzi anaingia, nampa bahasha niliyoichana kidogo kando ya lakiri. Akiikataa na kuandika sababu, kafaulu. Akiipokea, sifuri. Nilikuwa mkali, sikatai. Sie tuliolelewa Temeke hatukujua kubembelezana.

Mwaka mmoja waliangukia pua karibu wote, hata Anna, binti wa Mbeya aliyekuwa akiongoza darasa. Sifuri ile ilimaanisha arudie mwaka mzima. Akaja ofisini kwangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Hapana. Naomba ugeuze karatasi yangu."

Nikaigeuza. Nyuma, kwa penseli, aliandika: imechanika, kulia kwa lakiri. Mie nilisahihisha upande mmoja tu.

"Uliona, na bado ukapokea?"

"Aliyenipa ni wewe, mwalimu. Hapa wewe ndiye mama yangu. Ningekurudishiaje?"

Niliona aibu. Nikakumbuka walivyoingia wote: shikamoo, kichwa chini, mikono miwili mbele, wameshapokea kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nimepima walichofunzwa na mama zao.

Nikaenda kwa Mkuu wa Idara kumwombea Anna na wenzake. "Mahakamani hakuna shikamoo, Bi Zuhura," akasema.

"Sawa. Somo la kumkatalia mkubwa tuliwafundisha siku gani?"

Akavua miwani, akaifuta. "Nakupa wiki moja, kisha warudie. Na bahasha utoe wewe mwenyewe, nisisikie umemtuma mtu."

Wiki nzima tukafanya mazoezi ya kukataa. Naomba radhi mwalimu, sipokei. Wengine walicheka, wengine sauti haikutoka. Nikawa nawaambia, heshima si utumwa. Siku ya mtihani Anna aliingia mikono kaifunga nyuma ya mgongo, isije ikamtangulia. Alikataa, akaandika sababu, akafaulu.

Sasa nalima mchicha wangu Chanika. Mwaka jana mdogo wangu alizuliwa kwamba kauza kiwanja chake, sahihi yake imeghushiwa kwenye hati. Kesi ilikuwa inasuasua, naye alikuwa hali wala halali. Nikajifanya mjanja: nikaitia hati kwenye bahasha, tukaenda wote maabara ambako Anna ndiye mpokeaji wa vielelezo.

Aliponiona akasimama, uso umejaa furaha. "Shikamoo mwalimu."

Nikamweleza shida yetu huku nimemnyooshea bahasha. Mikono yake ikarudi nyuma ya mgongo.

"Naomba radhi mwalimu, sipokei. Mkabidhini mpelelezi wa kesi, ailete yeye na lakiri yake. Nikiipokea kwako, wakili wa hao waliomzulia ataikataa, na kiwanja kitakwenda."

Mdogo wangu akanuna. "Si ulisema huyu ni mwanao?"

Mie machozi yalinitoka palepale mapokezi, na sikuyaonea haya. Ndipo nikakumbuka kwamba salamu yake sijaiitikia.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikairudisha bahasha mkobani.