Mkate Kabla ya Keki

Hebu mwone Bi Gudrun Thorslund akiingia studioni kwetu Kopenhageni, mwaka wa sabini na mbili: kofia ya sufu, baiskeli ameiegemeza ukutani, kikapu cha mikate mkononi. Ungedhani kaja kuuza. Kumbe ndiye mtunzi wetu wa filamu za watu wazima, zile ambazo mabwana huingia kuzitazama kola za makoti zimewafunika masikio.

Kwao ni Jutland ya kusini, mashambani huko Denmark. Huko mgeni huandaliwa kahawa na keki za kila namna, ila sharti aanze na mkate wa siagi. Anayeirukia keki ya krimu hana malezi. Basi ndivyo alivyotunga: fundi wa piano kakaribishwa na mjane, anaula mkate wake taratibu, macho yanasema mengine. Kifungo cha gauni hakiguswi mpaka sahani zitoke mezani.

Preben, mwenye filamu, aliniagiza mimi mkataji wa filamu niutoe mkate, kipande chote cha kula. Bi Gudrun akasema mkate ukitoka, na jina lake litoke, na asitafutwe tena.

"Bi mkubwa," Preben akambembeleza, "hakuna anayenunua tiketi amtazame mtu akitafuna."

"Wananunua wamtazame akingoja, mwanangu. Wewe hujawahi kungojeshwa, ndiyo maana."

Nikaukata. Jina nalo likatoka. Tukaipeleka filamu kuijaribu hukohuko kusini, mjini Haderslev. Kwenye skrini fundi akaketi, akaikata keki ya krimu moja kwa moja. Ukumbi mzima ukaguna.

"Mtoe nje huyo, mama," mzee wa mstari wa mbele akamshauri mjane. "Kwenye keki hana subira, kwingine je?"

Waliangua kicheko, na hakikukoma. Mjane alipofungua kifungo cha kwanza, watu walimwonea huruma tu.

Tuliporudi, Preben aliniuliza, bila kunitazama, kama ule mkate ningali nao. Nilikuwa nao, ndani ya kopo la filamu. Akaenda mwenyewe kwa Bi Gudrun kumwomba radhi. Bibi akakubali, kwa sharti fundi arudishiwe mkate wote, hadi makombo.

Siku ya onyesho la kwanza, Kopenhageni, fundi alitafuna na ukumbi ukanyamaza; hata kikohozi hukisikii. Preben alisimama nami nyuma, akilegeza tai.

"Huyu anakula mkate tu," akaninong'oneza. "Mbona mimi natoka jasho?"

Wewe ungemjibuje?