Msalaba Wenye Pembe Fupi

Mwaka 1961 bendera ya Katanga, yenye misalaba yake mitatu ya shaba, ilipepea mjini kote, na hapa mtaani Katuba mzee Numbi akazidi kutuchosha. Misalaba kama ile, alisema, aliisubu kwa mikono yake ujanani, kabla Wazungu hawajajenga tanuru lao. Alikuwa mtu wa majigambo, lakini hakuwa mwongo.

Jumapili moja akaja jirani yetu, mwalimu Léonard, aliyesoma Umarx mpaka akakonda. Alikuwa anaandaa hotuba kwa walimu wenzake, akatafuta shahidi kwamba zamani hapakuwa na tajiri wala maskini.

“Shaba ilikuwa ya bantu bote, si vile, Baba Numbi?”

“Ya bote! Tulichimba pamoja, tulivukuta pamoja. Ila musalaba wa kwanza wa kila kijana ulikuwa wa bankambo. Tulimupatia Kapya, mukubwa wa tanuru, anaupeleka ku makaburi yabo.”

Kwa msalaba ule, mahari ya siku zile, Numbi angemwoa Mukuka. Aliwaachia mababu, akamngoja mchumba wake miaka miwili zaidi. Alilisimulia hilo kifua mbele.

“Bankambo banakulaka shaba?” mwalimu akauliza.

“Ukibanyima, mwaka ujao shaba haitoke.”

Mukuka, mkewe, alikuwa akisonga bukari, ugali wetu. Mwiko ukasimama.

“Musalaba yako,” akasema polepole, “haikukuwa na pembe moja fupi?”

“Umejua namna gani?”

“Kapya aliiletaka kwetu. Njo mahari alimuolea nayo dada yangu Bwalya.”

Numbi akaruka kitini. “Miaka mbili! Juu ya nini haukuniambiaka?”

“Baba alinikatazaka. Alisema nikifungua kinywa, bankambo batakasirika, shaba itakukatala.”

Mwalimu akachana ukurasa wa kwanza wa hotuba yake, akaanza mwingine, juu ya wakubwa wanaokula kwa jina la mababu, kwa furaha isiyo na adabu. Numbi alimkodolea macho mkewe. Iliuma, nisiseme uongo. Halafu akawaza jinsi mama huyu alivyobeba hofu ile peke yake miaka yote kwa ajili yake, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mukuka naye akacheka.

Wakaleta munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Kabla ya kunywa, Numbi akainamisha kikombe, akawamwagia mababu kidogo chini.

“Aa, Baba Numbi! Hata sasa?”

“Kapya alikufaka zamani, Mwalimu,” Numbi akajibu. “Sasa naye ni nkambo.”