Mahali pa Kuweka Bafle

Niseme wazi tangu mwanzo: spika nilizitaka mimi. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa redio ndogo na kusahihisha madaftari. Ukimwachia ukimya, ameshiba. Mimi ni mshonaji. Kutwa nzima cherehani inanipigia kelele, na jioni nikikaa kutazama filamu nataka sauti inifike mwilini, si ule mlio wa nzi aliyefungiwa chupani unaotoka kwenye televisheni yetu. Kwa hiyo tulipomaliza kuweka paneli za sola juu ya bati na betri ikaonyesha kwamba inaiweza kazi, nikatangaza kuwa sasa ni zamu ya hom sinema. Nikishatangaza jambo katika nyumba ile, huwa limekwisha.

Hapa Kasongo, karibu na soko, kuna muuzaji ambaye vitu vyake vinatoka Bukavu kwa lori, siku lori likikubali kufika. Alikuwa na aina mbili za bafle, maana kwetu spika tunaziita hivyo. Za kwanza zilikuwa ndefu, nyeusi, za kusimama chini, kila moja inanifika kifuani, na besi yake, lile sanduku la mngurumo, ungeweza kuikalia. Za pili zilikuwa ndogo, za kutundika ukutani kwa misumari, na besi yake inaingia chini ya meza. Alinipigia zote mbili. Zile ndefu zilipoanza, mbavu zangu ziliitikia zenyewe. Nilicheka peke yangu mbele ya watu kama mwendawazimu.

Yule muuzaji angeweza kunifungia mzigo pale pale. Badala yake akaniambia, "Mama, usinunue na masikio ya duka. Enda upime salo yako kwanza." Akanieleza kwamba sebule yenye sakafu ya saruji na bati lisilo na dari hurudisha sauti, na besi kubwa ikisukumwa kwenye kona huvuma mpaka maneno ya watu wa filamu hayasikiki. Zile ndefu hazitaki kuegemea ukuta, na zinataka kusimama juu ya kitu kizito, la sivyo zinatetemeka. Kwa chumba kama changu, alisema, fundi anijengee jukwaa la matofali na saruji, pana, kutoka ukuta huu mpaka ule, na nyaya zifukiwe sakafuni. Ama nichukue zile ndogo, nizitundike, niongeze mapazia mazito, basi. Ndogo! Nilimtazama mpaka akageukia mteja mwingine.

Kupima ni kazi yangu. Niliipima sebule kwa utepe wangu kama ninavyompima bibi harusi, bila kuipendelea, na kweli ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoijua. Nikachukua chaki yangu ya kuchorea nguo, nikachora jukwaa pale sakafuni. Lilikula karibu nusu ya chumba. Nikajiambia kwamba viti vinaweza kubanana kidogo, watu wenyewe hawatakuwa wanatazama viti.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, anamenya karanga. Anaishi kwetu tangu baba alipofariki. Kaka yangu alibaki kijijini kwetu, Wamaza, na mashamba, na mama akaja huku kwa pikipiki na kifurushi kimoja. Nilimweleza yote, jukwaa, nyaya, besi. Akaendelea kumenya. Nikatoka kwenda kumwita fundi mwashi, sikumkuta, na niliporudi mchoro wangu ulikuwa umefutwa kwa mguu. Nikachora tena. Nikaingia chumbani kuchukua kipande cha kitambaa, nikatoka, umefutwa tena.

Hapo nilipandisha hasira.

"Mama, ni weye unafuta chaki yangu?"

"Ni miye."

"Sababu gani?"

"Hapa musijenge kitu."

"Ni bafle tu, mama. Haitakula nafasi ya mutu."

"Itakula yangu."

Nilidhani anasema mkeka wake wa kupumzikia mchana. Nikamwambia kwa sauti ile ya kubembeleza mteja msumbufu kwamba mkeka tutauhamishia upande wa dirisha, na televisheni ataiona vizuri zaidi. Akaweka chini ungo wa karanga, akaja akasimama katikati ya chumba.

"Siongee juu ya kulala muchana. Naongea juu ya siku yangu. Kichwa hapa, miguu kule, wamama wakae pembeni ya ukuta. Nimeshaangalia. Viti watatoa inje, lakini kitu ya kujenga haitoke. Ukiijenga, sitaenea, patakuwa padogo."

Mwenye kujua vilio vya kwetu ameshaelewa. Mtu akifa, viti vyote vinatolewa uani, naye analazwa katikati ya sebule ili wanawake wamzunguke na waimbaji wa kanisa waimbe mpaka asubuhi. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye sebule za watu hivyo mara nyingi. Lakini kuiona sebule yangu namna hiyo, na mama yangu mzima akinionyesha kwa kidole miguu yake itakapofika! Utepe ulinidondoka. Nilihisi baridi kwenye meno.

"Uko mugonjwa?" nikauliza. "Unanificha ugonjwa?"

"Ugonjwa gani? Niko muzima," akajibu kwa hasira, kama nimemtukana. "Lakini nyumba ni ya bwana yako. Kama hakuna nafasi ya kunilalisha, mutanirudisha Wamaza kwa kaka yako. Na njia ya Wamaza ni pikipiki."

Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Siku ile anakuja kwetu, walipishana njiani na pikipiki iliyombeba mtu katikati, kati ya dereva na kijana wa nyuma. Mama akamsalimia, kama anavyomsalimia kila mtu. Hakuitikiwa. Alipogeuka ndipo akaona kwamba yule wa katikati amezungushiwa blanketi mpaka kichwani na kufungwa kwa vipande vya mpira, amekalishwa kama abiria, anarudishwa kwao kuzikwa.

"Nilimusalimia," mama akasema. "Sitaki kufungwa vile."

Sikushtushwa na maiti. Barabara zetu sote tunazijua. Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba miaka yote hiyo mama alikula chungu kimoja nasi, akafagia sebule hii kila asubuhi, na hakuwa na hakika kama tutamwacha alale humo siku moja. Na hakuwa na wa kumuuliza. Mama mkwe hamkabili mkwewe kwa jambo kama hilo. Mume wangu akiingia sebuleni, mama hutoka; wakitaka kuambiana kitu, hata kama ni chumvi, hupitia kwangu. Na jambo hili hakutaka kunituma mimi; ndiyo maana alitumia mguu kufuta.

Nilikuwa nainama kuokota utepe nilipomwona mume wangu mlangoni, mfuko wa shule begani. Sijui alikuwa pale tangu lini, lakini uso wake ulisema amesikia vya kutosha. Mama akavuta kitenge akajifunika kichwa, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlango wa nyuma.

Mume wangu akaweka mfuko chini. Akaniuliza mimi, "Mulisema kichwa ni wapi?"

Nikaonyesha. Akavua viatu, akalala chali pale pale sakafuni, juu ya vumbi la chaki, na shati lake jeupe la kufundishia.

Katika Kasongo yote, na Kabambare uongeze, sijawahi kusikia mkwe aliyelala chini mbele ya mama mkwe wake. Nilimpigia mume wangu kelele: "Baba, amuka! Ni haya hii!" Mama naye alipiga yake, akakimbilia uani, karanga zikamwagika. Mume wangu hakujali. Alinyoosha miguu, akaweka mikono ubavuni, akatazama bati.

"Muambie mama," akasema, "miye niko murefu kumupita. Kama miye naenea, yeye ataenea. Kesho ukachukue zile bafle ndogo."

Nikageukia uani kufikisha ujumbe. Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mama ikaja kupitia mlango wa nyuma, nzito, kama ya mtu aliyekuwa analia na hataki ijulikane.

"Muambie mutoto yangu aamuke. Chini iko baridi."