Gari la Kuvuta Nyumba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa usukani. Nilipewa chaki. Mkuu wa Usafiri wa mradi mmoja wa kutafuta madini, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule, alinisimamisha kwenye uwanja wa gereji pale Shinyanga, mbele ya karavani. Ninyi vijana labda hamjaiona. Ni nyumba ndogo ya bati na mbao nyepesi iliyojengwa juu ya tela, ndani ina vitanda, jiko la gesi na kabati. Wajiolojia walikuwa wanaishi humo porini na wake zao na watoto.

"Andika kwenye kila gari hapa," akaniambia, "linaweza kuivuta hii au haliwezi."

Magari yalikuwa sita. Nikaandika "linaweza" kwenye yote, maana yote yalikuwa na injini kubwa. Mkuu akayazunguka moja moja, kisha akanirudia uso umemwiva.

"Wewe tumekuajiri uje kutuulia watu?"

"Hapana, mzee."

"Sijakuuliza kama gari litaondoka nayo. Hata ng'ombe wawili wataondoka nayo! Nakuuliza mkianza kuteremka, nani atamshika mwenzake?"

Siku ile nilifuta chaki kwenye magari manne.

Nasema haya kwa hasira, msinishangae. Kila wiki namwona mtu barabarani kafunga tela nyuma ya gari jepesi, kajaza familia ndani, anapiga honi na kucheka. Ukimuuliza anakuambia injini yake ina nguvu. Nani kakuuliza injini? Injini ni ya kupandia mlima. Ukishafika juu, kinachokuokoa ni uzito wa gari lako na breki zako, na breki za tela lenyewe kama linazo. Karavani ikishapakiwa maji, mitungi na magodoro, sisi tuliipeleka mzani kwanza. Gari la kuivuta lilitakiwa liizidi uzito, tena liwe limejengwa juu ya chesisi, yaani fremu nzima ya chuma, si bodi tupu lililopakwa rangi nzuri. Ndiyo maana tulitumia yale magari marefu ya kazi ambayo watu huyaita mkonga.

Halafu kuna pua. Pua ni ile sehemu ya mbele ya tela inayokaa kwenye ndoano ya gari. Mkuu wa Usafiri alitufundisha kuipima kwa mikono: ukiinyanyua peke yako kwa mkono mmoja, usiondoke, mzigo umelalia nyuma na tela litatikisa mkia, yaani litayumba kushoto na kulia. Wakishindwa kuinyanyua wanaume wawili, usiondoke pia, utavunja springi za gari. Mzigo mzito ukae katikati, juu ya ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu. Sikuwahi kuona kitabu kinachosema vizuri kuliko hapo.

Baadaye nikahamishiwa Geita, chini ya Meneja wa Kambi, bwana mmoja mpenda kupendeza. Alikuwa na gari dogo jeupe, akataka karavani ya mjiolojia mmoja na familia yake ivutwe nalo, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja na mkonga ulikuwa na matope.

"Dereva, funga tela."

"Sifungi, meneja."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na humo ndani wana mtoto mchanga."

Alinihamisha wiki ileile, nikapelekwa Kahama kusimamia gereji ndogo pale Nyahanga. Alidhani ameniadhibu. Mimi nilikula na kulala vizuri, na yule mtoto alivutwa na mkonga wenye matope. Nikakaa Kahama mpaka nastaafu, nikijisifu kwa kila aliyenisikiliza kwamba mimi ni mtu niliyewaambia wakubwa hapana.

Sasa sikilizeni lililonipata nikiwa nyumbani kwangu Shinyanga, mstaafu, na mke wangu Mama Neema.

Binti yetu Neema ameolewa Nyahanga na Masanja, kijana anayeuza mitumba minadani. Kambi moja ya utafiti ilipofungwa, Masanja akanunua karavani yao kuukuu. Akili yake haikuwa mbaya: likizo za shule azunguke minadani na mke wake na mapacha wao, Kulwa na Doto, walale humo badala ya gesti. Akaileta kwangu niione. Loo! Ilikuwa imefungwa nyuma ya gari la familia la viti saba, lile la kupelekea watoto kanisani, tumbo la gari karibu liguse ardhi.

"Shikamoo baba," akasema, macho chini kama mkwe mwenye adabu.

"Marahaba. Gari hili halifai."

"Ndiyo, baba."

"Ni jepesi. Tela litalisukuma. Tafuta mkonga, hata wa kuazima."

"Ndiyo, baba."

"Na marobota ya nguo usiyarundike nyuma kwa sababu mlango uko nyuma. Yasogeze katikati."

"Ndiyo, baba."

Nikaingia ndani nimeridhika. Nikamwambia Mama Neema tumepata mkwe anayesikia. Akaniangalia, akaendelea kupepeta mchele.

"Baba Neema, yule hakusikii. Anakuheshimu."

Nikaona ananiudhi tu. Na wala siwezi kusema sikuijua mila. Kwetu Usukumani mkwe hambishii baba mkwe usoni, akimkatalia ni kama kamtukana. Mimi mwenyewe sikumbishia baba yake Mama Neema hata mara moja, mpaka tukamzika. Nilimwitikia mambo mengi, kisha nikaenda kufanya yangu. Nilijua! Lakini ile "ndiyo" ya Masanja niliipokea nzima nzima, kwa sababu ilikuwa tamu.

Wiki mbili baadaye, saa nane mchana, Neema akapiga simu analia. Walikuwa wanaelekea mnadani Buseresere, na lile gari lilelile, marobota yote nyuma mlangoni. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Geita karavani ikaanza kutikisa mkia, Masanja akakanyaga breki, ikawasukuma na kuwazungusha mpaka kwenye shamba la pamba. Wote wazima, isipokuwa Kulwa. Mkono wake ulivunjika mahali pawili.

Nilipanda basi kesho yake alfajiri. Masanja nilimkuta kwenye benchi la hospitali ya Geita, akachuchumaa kunisalimia, nikamfokea mbele ya wagonjwa na manesi.

"Kwa nini uliniambia ndiyo?"

"Baba, ningesema nini?"

"Ungesema hukubali! Ungesema injini yako ni nzima, ungesema mimi ni mzee na mambo yangu yamepitwa na wakati!"

Akasema polepole, "Ndivyo nilivyokuwa nawaza, baba."

Jamani. Kama angeyasema siku ile uwanjani kwangu, ningemjibu. Ningemnyanyulisha pua ile kwa mkono wake mwenyewe, angeona. Hasira yangu ilitaka kumla, halafu ikakosa pa kukaa, ikanigeukia mimi. Nilijisifu kwa kuwakatalia wakubwa kazini, na nyumbani kwangu hakuna mtu niliyemruhusu anikatalie. Mke wangu alijaribu nikamwona mkorofi. Mjukuu wangu wa miaka minane ndiye aliyelipia adabu ya nyumba yangu, na hilo linanichoma hata leo.

Lakini hasira haziishi kwa siku moja. Nikamwamuru, "Hiyo karavani kaiuze chuma chakavu."

Neema alikuwa anamlisha Kulwa uji, kijiko kikasimama hewani. Masanja akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, akanitazama usoni.

"Hapana, baba."

Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Rudia."

"Hapana, baba. Ekseli imenyooka, bodi nitalitengeneza. Nilikosea gari. Na nyuma sitapakia tena."

"Ikiwa na mzigo wote ina uzito gani?"

"Sijui, baba."

Nikachukua kofia yangu pale kwenye benchi. "Basi ikishatengenezwa unipigie," nikamwambia. "Tutaanzia mzani."